Usikunje Mpaka Nitue

Aloo hakumsikia mgeni akija. Alikuwa ameinama juu ya cherehani yake, kwenye veranda ya duka la nguo la Mhindi, anamalizia ukosi wa shati la shule, akaona nyayo mbili zimesimama kando ya kanyagio. Zilikuwa nyayo za mtu aliyetembea mbali. Udongo mwekundu ulikuwa umezipanda hadi vifundoni.

Alipoinua macho alimwona mwanamke mrefu wa makamo, amejifunika leso mbili kwa ile baridi ya Eldoret ya asubuhi, kiondo mgongoni, ukanda wake umekaza kwenye paji la uso. Hakumjua. Wala hakuonekana mtu aliyekuja kupimwa nguo.

"Karibu, Mama. Ni ya kushona ama ya kurekebisha?"

"Sina nguo, kijana. Natafuta Aloo."

"Ndiye mimi."

Mwanamke alilitazama bega lake la kulia, lile lililokaa chini kidogo kuliko mwenzake, kana kwamba ndilo aliloagizwa kulitafuta.

"Basi wewe ndiye kitambaa chako kilikunjwa," akasema.

Mguu wa Aloo ulitulia juu ya kanyagio. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo lenyewe, kisha likanyamaza.

"Mama ni nani?"

"Mimi ni Waithira. Mama ya Nderitu."

Aloo aliinuka akampa kiti chake, akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimkwepa mama huyu bila kumjua sura. Aliposikia kwamba watu wa Nyeri wamehamia shamba la Bwana Lacey, huko njia ya Ainabkoi, alianza kupitia njia nyingine kila alipokwenda upande ule. Angemwambia nini? Kwamba mwanawe alipanda ndege pamoja naye, yeye akashuka, na mwanawe hakushuka?

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bwana Lacey alikuwa na ndege ndogo na kiwanja cha nyasi katikati ya ngano yake, na Jumamosi wazungu wenzake walikuja pale kuruka kutoka ndegeni kwa miavuli, kwa mchezo tu. Aloo na Nderitu waliajiriwa kushona na kupanga miavuli hiyo. Baada ya Uhuru wazungu wakaanza kuuza mashamba na kuondoka, nafasi zikabaki kwenye ndege, na vijana wale wawili, mmoja Mluo wa ziwani na mwingine Mkikuyu wa Nyeri, wakajifunza kuruka. Watu wa Ainabkoi walikuwa wakiacha majembe yao kuwatazama. Wazee walisema hao wawili wana wazimu, lakini walisema hivyo wakitabasamu.

Walikuwa na sharti moja kati yao. Anayetua kwanza hutandaza mwavuli wake juu ya nyasi, na hakunji mpaka mwenzake atue. Kitambaa kile cheupe ndicho kilichomwonyesha aliye juu upepo unaelekea wapi na nyumbani ni wapi. Kila mara kabla ya kutoka mlangoni mwa ndege, anayebaki nyuma alimpigia mwenzake kelele sikioni: "Usikunje mpaka nitue." Na yule mwingine alijibu: "Sikunji."

Siku ile Aloo alitoka kwanza. Kamba ilimnasa mkono wakati mwavuli ukifunguka, bega likang'oka mahali pake, akafika chini akiwa hajitambui. Watu walimkimbilia, wakampakia kwenye Landrova, na mmoja wao, kwa moyo mwema kabisa, akakunja mwavuli wake ili usipeperuke. Walipokumbuka kutazama juu, mwavuli wa Nderitu ulikuwa mbali, juu ya msitu wa Kaptagat, mdogo kama kifungo cha shati. Kisha haukuwapo. Waliutafuta msitu mzima, wenyeji na polisi na mbwa. Hawakupata mtu. Hawakupata hata uzi.

"Sikuja kukulaumu," Mama Waithira akasema. "Nilikuja kwa sababu hajatua."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Nderitu alikuwa mwanahisa wa kampuni iliyonunua shamba hilo. Tulipopiga kura ya ploti, mimi ndiye nilichukua karatasi kwa niaba yake, na ikaanguka mwisho wa kile kiwanja cha ndege. Pale pale mlipokuwa mnashukia. Nimejenga chumba cha mabati. Tangu nihamie, mchana jua likiwa limeanza kulala, kivuli kinapita."

"Kivuli cha nini?"

"Cha duara. Kikubwa kama paa la nyumba. Kinatoka upande wa msitu, kinapita juu ya ngano, kinafika kwangu, kinazunguka, halafu kinarudi. Na juu hakuna kitu. Nimetazama mpaka macho yakatoa maji."

"Labda ni wingu, Mama."

"Wingu linaenda na upepo. Hiki kinaenda kinyume, tena kinasimama, kama mtu anafikiria. Kuku wanakimbilia chini ya ghala. Mbwa analala chini, anaficha pua. Na kikipita juu yangu nasikia kitambaa kinapiga, taratibu, kama shuka kwenye kamba." Alifungua fundo la leso, akalifunga tena. "Aliniambia sharti lenu alipokuja nyumbani Krismasi. Alicheka sana akiniambia. Kwa hiyo nilitandika shuka langu jeupe kwenye nyasi. Kivuli kikaja mpaka ukingoni, kikaliangalia, kikaenda zake. Si langu anatafuta. Anatafuta kile kilichoshuka kutoka juu."

Barabarani lori la mahindi lilipita likitimua vumbi, na mtu alicheka mahali fulani, na jua lilikuwa jua la kawaida kabisa.

"Jumatatu trekta inalima kiwanja," akasema Mama Waithira. "Kamati imeamua. Bwana Lacey anapeleka ndege Nairobi Jumapili. Baada ya hapo, Aloo, mtoto wangu atatua wapi?"

*

Hulda, mke wa Aloo, alisikiliza yote akichambua mboga, bila kuinua kichwa.

"Daktari alisemaje?" akauliza mwishowe.

"Unajua alivyosema."

"Nataka nisikie na mdomo wako."

"Alisema bega likitoka tena, lirudishwe upesi, kabla halijavimba. Nikichelewa, mishipa inakufa. Mkono utabaki wa kuning'inia tu."

"Na fundi wa kuning'iniza mkono anashona na nini? Na meno?"

Aloo alitaka kucheka, lakini hakuthubutu. Akasema kwa sauti ya chini, "Hulda, bega limepata nguvu. Nimekuwa nikilifanyisha mazoezi."

"Najua. Kwani unafikiri sijui? Kila alfajiri nasikia kamba inalia kwenye boriti. Unadhani nilifikiri ule mfuko wa mchanga unapanda darini wenyewe?" Aliweka sufuria chini. "Nimenyamaza kwa sababu niliona unafurahi. Nikasema, acha anyooshe bega, atashona vizuri. Kumbe ulikuwa unarudi huko."

Ilikuwa kweli. Kabla mama yule hajaja, Aloo alikuwa ameshaanza kurudi angani kwa mawazo. Aliota ule ukimya unaokuja baada ya mwavuli kufunguka, nchi nzima imetandazwa chini ya miguu yako, mashamba ya jana ya mzungu na ya leo ya mwananchi, na kutoka juu huoni mpaka wowote kati ya Mkikuyu na Mkalenjin na Mluo. Yeye na Nderitu walipenda kusema kwamba Kenya ingetazamwa kutoka huko, watu wangepunguza kugombana. Lakini ndoto hiyo ilikuwa yake. Hili jambo jipya lilikuwa zito kuliko ndoto.

"Nilimwambia sikunji," akasema. "Neno la mwisho alilosikia kwangu ni hilo."

Hulda aliivuta tena sufuria ya mboga.

"Mimi Nderitu nilimpikia samaki, akala mpaka akalamba kichwa, Mkikuyu yule," akasema. "Sitakuambia nenda. Wala usiniombe nikuambie nenda."

*

Jumamosi mchana Bwana Lacey alikuwa kiwanjani, mzee mwekundu wa uso, kofia imeliwa na panya, anafunga kreti zake za mwisho. Alimsikiliza Aloo huku akitikisa kichwa.

"Aloo, wewe nataka vunja mkono ile ingine pia?"

"Ni huo huo mmoja, Bwana."

"Huo huo mmoja ni mbaya zaidi." Alitazama upande wa msitu, na kwa muda uso wake ukawa wa mtu mwingine. "Mimi pia naona ile kitu. Kivuli. Mimi nasema, Lacey, wewe zeeka, nenda nyumbani." Akasukuma kreti kwa mguu. "Panda. Mara moja tu."

Mwavuli wa Aloo ulikuwa stoo, ndani ya gunia, vile vile ulivyokunjwa siku ile. Hakuna aliyeufungua tangu hapo. Aloo aliutandaza chini akaukagua mshono kwa mshono, na harufu ikampanda puani: nyasi kavu, na ndani yake harufu nyingine, ya majani mabichi na utomvu wa miti ya msituni, ingawa mwavuli ule haukuwahi kufika msituni. Alipitisha kidole kwenye kiraka chekundu alichokishona mwenyewe. Kisha akaupanga, akauvaa, akajaribu kuinua mkono wa kulia juu ya kichwa. Ulipanda, bila maumivu. Akamshukuru Mungu.

Wanahisa walikuwa wamejaa kando ya kiwanja. Mzee Kinyanjui, mwenyekiti wa kampuni, alikuwa amekuja na fimbo yake kuonyesha trekta itaanzia wapi.

"Kijana," akamwambia Aloo, "ukishuka angalia usikanyage ploti ya mtu. Hapa sasa kuna wenyewe."

"Nitashukia ya Mama Waithira, Mzee. Nimepewa ruhusa."

"Basi ukikosea ukaangukia yangu, utanilimia," Kinyanjui akasema, na watu wakacheka. Mama Waithira hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na chumba chake cha mabati, mikono ndani ya leso. Hulda hakuonekana.

Ndege ilipanda. Kupitia mlango wazi Aloo aliona reli, na mabati ya mji wa Eldoret yaking'aa kwa mbali, na ngano, na ukuta mweusi wa Kaptagat. Bwana Lacey akapunguza nguvu ya injini, akaonyesha kidole. Aloo alikaa ukingoni, miguu nje, upepo ukimvuta suruali.

Ndani ya ndege walikuwa wawili tu, yeye na Lacey, na Lacey alikuwa mbele, amempa mgongo. Lakini sikio la Aloo la kushoto likapata joto, kama mtu ameliegemea na mdomo. Hakuna neno lililotoka. Lilikuwa joto tu, la pumzi inayongoja.

"Sikunji," Aloo akasema, akajiachilia.

Mwavuli ulifunguka kwa kishindo. Bega lilivutwa, likauma kama kisu cha moto, lakini likakaa mahali pake. Kisha ukaja ule ukimya. Aloo aliinua macho akaona kitambaa cheupe kimejaa juu yake, na kiraka chekundu katikati ya jua. Machozi yalimtoka na upepo ukayafuta.

Akatazama chini, atafute kivuli chake. Alikiona juu ya ngano, duara dogo jeusi linaloteleza kuelekea kiwanjani.

Vilikuwa viwili.

Cha pili kilitoka ukingoni mwa msitu, kikipanda na kushuka juu ya masuke bila haraka, kikakaribia cha kwanza, kikakaa kando yake, ukubwa sawa, mwendo sawa. Aloo aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akatazama juu. Anga ilikuwa tupu na ya buluu. Lakini alisikia kitambaa cha pili kikipiga, karibu sana, na kamba zikilia kama zinavyolia zikibeba mtu mzima.

Hakuogopa kama alivyodhani angeogopa. Alichoogopa ni kukosea. Upepo wa chini ulikuwa umegeuka, kama siku ile, ukimsukuma kuelekea msituni, na kivuli cha pili kikaanza kuyumba nacho upande huo huo. Kulikuwa na njia moja tu: kuzivuta kamba za kulia kwa nguvu zote, mkono juu ya kichwa, na kushikilia. Alijua bega litafanya nini. Alizivuta. Mwavuli ukageuka taratibu kuelekea kiwanjani. Akashikilia. Kitu kikakatika ndani ya bega, kikapiga mlio alioutambua, na mkono ukaanguka kando yake kama wa mtu mwingine.

Alitua kwa ubavu wa kushoto, mita chache tu kutoka mlangoni kwa Mama Waithira.

Alipopata pumzi tena, mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Hulda. Kumbe alikuwa amekaa nyuma ya chumba cha mabati muda wote, hakutaka kuonekana.

"Limetoka," akasema, akilishika bega.

"Limetoka."

"Twende. Landrova iko tayari, Mzee Kinyanjui ameiwasha mwenyewe. Simama, Aloo."

"Nitandazie kitambaa."

Watu walikuwa wamefika. Mtu mmoja alikuwa ameshainama, amekusanya ukingo wa mwavuli kifuani, kwa moyo mwema kabisa.

"Wacha," Mama Waithira akamwambia. Hakupaza sauti, lakini yule mtu aliachia kitambaa kana kwamba kimemuunguza. Mama akaushika ukingo, akautandaza juu ya nyasi za ploti yake, mkunjo kwa mkunjo, mpaka ukalala wote, mweupe, na kiraka kikitazama juu.

"Huyu mtu atapoteza mkono," Kinyanjui akasema. "Bwana Aloo, tumia akili. Hiyo nguo itangoja. Mkono hautangoja."

"Ni kweli, Mzee," Aloo akasema. "Lakini nilisema nitangoja."

"Umesema kwa nani?"

Wakati ule ule kuku wa Mama Waithira walikimbia wote pamoja chini ya ghala, na mbwa akalala, akaficha pua.

Kivuli kilikuwa juu ya ngano. Watu wote walikiona, na kila mmoja akatazama juu, na kila mmoja akashusha macho haraka. Hakikuja moja kwa moja. Kilifika ukingoni mwa kiwanja kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikazunguka mbali, polepole, kama mtu aliyedanganywa mara moja na sasa anapima kwanza. Injini ya Landrova ilikuwa ikinguruma. Bwana Lacey alikuwa ameshatua na ndege yake, akaja akasimama na kofia mkononi.

Bega lilianza kuvimba. Kwanza Aloo alisikia maumivu hata akauma ukosi wa shati lake, kisha maumivu yakaanza kuondoka, na hilo ndilo lililomtisha. Vidole vilipoa. Alivigusa kwa mkono wa kushoto, akahisi anagusa vidole vya maiti. Hulda alivichukua akaviweka kwapani mwake, chini ya sweta, akavikandamiza pale. Hakusema tena twende. Alilia bila sauti, akiutazama mzunguko ule mweusi unaokaribia na kurudi, kukaribia na kurudi.

"Njoo basi," hatimaye akakiambia, kwa ukali, kama anavyomwita mtu achelewaye chakula. "Njoo. Anakungoja."

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti wakati kivuli kilipoacha kuzunguka. Kilivuka kiwanja, kikapita juu ya miguu ya Mzee Kinyanjui, naye akavua kofia. Baridi ilipita nacho, na ile harufu ya utomvu. Kilifika kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kiliinuka kidogo ukingoni, kikalala. Kisha hapo kando, katika nyasi ndefu za Mama Waithira, nyasi zililala chini zote kwa pamoja, katika duara pana, bila upepo, kama zimefunikwa na kitu chepesi kilichotoka mbali. Wakasikia kitambaa kikitoa pumzi yake ya mwisho, ile inayotoka mwavuli ukishaanguka. Na katikati ya duara, mahali padogo pa kutosha miguu miwili, nyasi zikabonyea zaidi.

Kuku wakatoka chini ya ghala, mmoja mmoja.

Mama Waithira alikwenda akapiga magoti kando ya duara. Alisema maneno machache kwa lugha yake, maneno ambayo mama yeyote humwambia mtoto aliyechelewa kurudi, kisha akaweka kiganja pale palipobonyea. Hakukiondoa kwa muda mrefu.

Aloo alijaribu kufunga vidole vyake vya kulia ndani ya mkono wa mkewe. Havikufunga. Akajua kwamba havitashika kitambaa tena chini ya sindano, akajua pia kwamba Hulda ameshajua.

"Sasa," akasema.

Hulda akamsaidia kuketi vizuri, akaenda akashika ukingo mmoja wa mwavuli. Mama Waithira akainuka, akafuta macho kwa leso, akashika ukingo wa pili. Wakaukunja taratibu, hatua kwa hatua, wakiangalia wasizikanyage nyasi zilizolala.